Mahudhurio ya Miguu

Jumatatu ya wiki ya tatu ya muhula, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mama alikuwa jikoni akimimina chai kwenye chupa ya kwenda nayo kazini. Akasikia mlango wa chumba cha binti yake ukifunguka, kisha vishindo vya raba kwenye ukumbi. Ndani ya nyumba ile walikuwa watatu tu: yeye, mama mkwe wake ambaye hatembei bila mkongojo, na binti ambaye hakuwa ameshuka kitandani kwa wiki saba. Mama aliweka chupa chini akachungulia.

Miguu ya binti ilikuwa inapita sebuleni. Wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukafuata. Ilikuwa imevaa soksi nyeupe na raba, kamba zimefungwa vizuri. Ilipofika mlango wa nje ilisimama, kwa sababu komeo lilikuwa juu na miguu haikuweza kulifikia. Mama alivuta komeo. Miguu ikatoka, ikapita getini, ikashika njia ya chuoni.

Mama alikwenda chumbani. Shuka lilikuwa limelala bapa kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Leo ni riadha," binti alisema. "Saa moja kamili. Anayechelewa anaandikwa hayupo. Raba nilizifunga mimi jana usiku, ila kufika kwenyewe ni juu ya miguu."

Mama alitazama saa ya ukutani. Kutoka pale hadi chuoni ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu asiyesimama kusalimiana na watu.

"Itawahi," alisema, akarudi jikoni kufunga chupa.

Binti alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya elimu ya viungo, na mwaka wa nne ndio wa mwisho. Ilikuwa imebaki miezi tisa awe mwalimu wa michezo. Wiki ya mwisho ya mwaka wa tatu ndipo alipoanguka.

Chuo kilikuwa na magodoro kumi na mawili mapya ya jimnastiki. Yalikaa stoo, ndani ya nailoni zake, kwa sababu wakaguzi huja kila baada ya miaka mitatu kuthibitisha kozi, na mkaguzi akikuta godoro limechakaa hupunguza alama. Kwa hiyo wanafunzi walipojifunza kuruka sanduku walitua juu ya magunia ya maranda, na chini ya magunia ilikuwa saruji. Lakini Mwongozo wa Mwanafunzi ulisema somo la kuruka lisianze mpaka magodoro yatandikwe, na kwamba kutandika magodoro ni wajibu wa mwanafunzi, si wa mwalimu. Kila wiki mwanafunzi mmoja alikuwa na zamu ya vifaa. Mwenye zamu alifungua daftari akaandika, "Magodoro kumi na mawili yametandikwa, hali nzuri," akasaini, na filimbi ikalia. Hakuna aliyeona kwamba anasema uongo. Ilikuwa ni kama kujibu "nzuri" ukiulizwa habari za asubuhi.

Wiki ile zamu ilikuwa ya binti. Jioni ya kuamkia Jumanne alimwambia mama yake kwamba mkono unamwia mzito kuandika kitu ambacho hakipo. Mama alikuwa anakunja nguo. Alikuwa mtunza stoo wa chumba cha kufulia shuka katika hospitali, na kila mwezi alisaini kupokea madumu ya sabuni yaliyojaa ambayo yalifika nusu. Alikuwa na stashahada ya ugavi na alijua karatasi huishi kuliko mtu. Alimwambia binti yake asaini tu amalize shule, darasa la watu arobaini haliwezi kusimama kusubiri mkono wa mtu mmoja.

Binti alisaini saa mbili. Saa mbili na nusu alikimbia, akaruka, na alipotua gunia liliteleza. Mgongo ndio ulioipokea saruji. Daktari alisema uti umevunjika, kuanzia kiunoni kwenda chini hatahisi kitu tena, wala hatatembea.

Mwalimu wa jimnastiki, ambaye chuo kizima kilimwita Filimbi kwa sababu hakupenda kusema neno mahali ambapo mluzi unatosha, alikuja hospitali mara moja. Alikaa na kofia yake magotini, akasema pole mara tatu, akaondoka.

Barua ya kamati ya idara ilikuwa na mistari minne. Kanuni ya tisa ya Mwongozo ilisema mwanafunzi akikosa vipindi vinne vya vitendo bila ruhusa atapoteza nafasi yake katika kozi, na ruhusa haitolewi kwa aliyeumia kwa uzembe wake. Kamati ilikuwa imelisoma daftari la vifaa. Magodoro yalikuwepo. Kama yalikuwepo na mwanafunzi akavunjika, basi alitua nje yake, na kutua nje ya godoro ni uzembe. Muhula ulipofunguliwa binti alikosa kipindi cha kwanza, cha pili na cha tatu. Cha nne kingekuwa riadha ya Jumatatu, na baada ya hapo pasingekuwa na shahada.

Ndiyo maana miguu iliondoka.

Uwanjani Filimbi aliita majina kwa namba. Alipofika thelathini na moja, mguu wa kulia ulipiga hatua moja mbele, ukarudi kwenye mstari. Kiongozi wa darasa aliweka alama ya vema. Mtu mmoja wa nyuma alisema huyu leo kaja mwepesi, akapewa mizunguko mitano. Kisha watu wakakimbia mita elfu moja na mia tano, na miguu ikashika nafasi ya tatu.

Kamati ilikutana Jumatano. Mkuu wa idara alisoma kwa sauti kwamba mwanafunzi atahudhuria vipindi vya vitendo "akiwa na mavazi kamili na viatu vinavyofaa." Ilionekana kwamba, kwa kiasi ilichohusika, miguu ilikuwa na mavazi kamili, na viatu vilifaa. Mhadhiri mmoja aliuliza habari za masomo ya darasani. Akajibiwa kwamba hayo ni ya kichwa, na kichwa kilikuwa kinatuma kazi zake kwa wakati. Jambo likaisha kwa dakika ishirini. Muda uliobaki walijadili nani aliyepoteza ufunguo wa choo cha wahadhiri.

Nyumbani mambo yalipata utaratibu wake. Mama alichukua suruali ya traki ya binti, akaikata katikati, akaitia mpira juu kila upande ili kila mguu uwe na upande wake, nao usivuke njiani. Pale miguu ilipoachana na mwili palikuwa pakavu na laini, kama mahali palipokatika kikonyo cha boga siku nyingi. Asubuhi alivuta komeo kabla hajaweka maji motoni. Jioni miguu ilirudi ikiwa na vumbi hadi magotini, akaikalisha ukingoni mwa kitanda, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu katika beseni. Baadaye ililala mahali pake na asubuhi ikaamka tena.

Bibi, yaani yule mama mkwe, aliikagua kila iliporudi.

"Miguu hii ina adabu kuliko mwenyewe alipokuwa mzima," alisema siku moja. "Inarudi jua halijazama."

"Bibi, nakusikia," binti aliita kutoka chumbani.

"Sikia, mke mwenzangu. Wewe ulikuwa unarudi saa tatu, unasema ulikuwa maktaba. Maktaba gani ina muziki?"

Binti alicheka.

Hakuwa anahisi chochote. Miguu ilikimbia, ikaruka, ikapiga mpira, na yeye alikuwa kitandani hajui. Kwa hiyo kila jioni alimwomba mama amweleze alivyoikuta, na mama, akiwa amepiga magoti mbele ya beseni, alimsomea miguu kama barua. Lengelenge kisigino cha kushoto. "Hiyo ni raba mpya," binti alisema, "au walitukimbiza barabara ya lami." Tope jekundu. "Mpira wa magongo, uwanja wa chini." Alama ya kamba kifundoni. "Walikuwa wanavuta kamba. Tulishinda?" Mama alisema kwa alama ile inaonekana walishinda. Hakuwa na hakika.

Jumanne ilikuwa na barua yake. Miguu ilirudi ina maranda ndani ya soksi. Mama aliyatoa moja moja, akayaweka kwenye sahani, akayamwaga nje. Binti hakuuliza, naye hakusema.

Siku moja mama aliomba ruhusa ya nusu siku kazini akaenda chuoni. Alivaa gauni lake la vikao. Njiani kuelekea ofisi ya mkuu wa idara alipita mbele ya stoo ya michezo, mlango ukiwa wazi, na ndani mtunza stoo wa chuo alikuwa anafuta vumbi juu ya magodoro. Alikuwa anafuta nailoni, kwa kitambaa chenye maji, kwa uangalifu, kama mtu anayefuta meza ya wageni. Mama aliyahesabu kwa macho, kwa mazoea ya kazi. Yalikuwa kumi na mawili.

Mkuu wa idara alimpokea vizuri, akamwambia karibu mama, akaondoa makaratasi kwenye kiti ili akae. Mama hakuzunguka. Alisema hakuja kugombana wala kudai kitu. Anataka mstari mmoja tu uandikwe kwenye daftari la vifaa, chini ya saini ya binti yake, kwamba siku ile magodoro hayakutandikwa.

"Mama, wewe mwenyewe ni mtu wa stoo," mkuu wa idara alisema. "Mzigo umefika, umesaini kupokea. Miezi miwili baadaye unaniambia haukufika. Mimi nikuelewe vipi?"

"Nenda kayatazame. Nailoni haijafunguliwa."

"Nailoni inaweza kurudishwa."

"Na gundi ya kiwandani?"

Mkuu wa idara alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na picha za watoto watatu mezani, na mmoja alikuwa amevaa sare za kuogelea.

"Mama yangu," alisema, "miguu ya binti yako ni ya pili darasani kwa alama. Tusiiharibie."

Mama alisimama. Alipokuwa anatoka alimuaga, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Aliporudi kazini lilikuwa limefika gari la sabuni. Alisaini madumu thelathini.

Muhula wa pili ulikuwa wa kufundisha kwa vitendo, wiki nane. Miguu ilipangiwa darasa la nne katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko. Binti aliandika maandalio ya masomo usiku akiwa amelala chali, ubao wa kukatia mboga ukiwa kifuani badala ya meza, na mama aliyakunja akayaingiza kwenye soksi ya kulia. Watoto wa darasa la nne waliyatoa wenyewe, wakayasoma kwa zamu, kisha wakafuata miguu. Ikichuchumaa, walichuchumaa. Ikiruka kichurachura, waliruka kichurachura. Mwalimu mkuu wa shule ile alisema hajapata kuona darasa la michezo lenye utulivu namna ile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapiga kelele, na mtoto akitaka kujua afanye nini ilibidi atazame.

Kabla ya kila somo miguu ilifanya jambo ambalo halikuwamo kwenye maandalio. Ilizunguka uwanja mzima, wa kulia upande huu, wa kushoto upande ule, ikipiga mateke mawe, vipande vya chupa na vijiti, kimoja kimoja, hadi nje ya mstari. Ilichukua robo saa. Watoto walikaa kivulini wakisubiri.

Filimbi ndiye aliyekuja kukagua. Alikaa kwenye benchi na fomu yake, akajaza. Sauti: haipo. Mpangilio wa wanafunzi: mzuri sana. Uonyeshaji wa stadi: mzuri sana. Mavazi: mazuri. Kuanza kwa wakati: dhaifu, somo limechelewa dakika kumi na tano. Alipunguza alama mbili. Kisha alikaa muda mrefu bila kuandika, akitazama mguu wa kushoto ukisukuma jiwe dogo ambalo lilikuwa limebaki. Watoto walisema baadaye kwamba mwalimu yule alikuwa anasinzia. Hakuwa anasinzia. Alikunja fomu, akapanda pikipiki yake, akarudi chuoni, na Jumanne iliyofuata akapiga filimbi kama kawaida na watu wakaruka.

Mwezi wa mwisho ulikuwa wa fomu. Mwanafunzi hapewi shahada mpaka kila idara iandike kwamba haimdai kitu: maktaba, zahanati, maabara ya mwili, stoo ya michezo. Miguu ilizunguka na fomu kwa siku mbili. Maktaba ilisaini. Zahanati ilisaini, baada ya muuguzi kupima mapigo ya moyo kwenye kifundo na kuyakuta sawa. Maabara ilisaini. Stoo ya michezo haikusaini. Mtunza stoo aliambatisha karatasi nyingine kwa pini, akaichomeka kwenye soksi, akaiambia miguu iipeleke nyumbani.

Karatasi ile ilikuwa imechapwa. Ilisema wakaguzi wanakuja mwaka huu, na katika kumbukumbu za idara kuna ajali moja isiyo na maelezo ya mhusika. Chini yake palikuwa na tamko la kusainiwa: "Mimi nathibitisha kwamba siku ya ajali magodoro kumi na mawili yalikuwa yametandikwa kwa mujibu wa Mwongozo, na kwamba nilitua nje ya magodoro hayo kwa uzembe wangu mwenyewe." Bila tamko hilo fomu isingekamilika.

Mama aliisoma mezani, akairudia. Akaigeuza kutazama kama nyuma kuna neno. Hapakuwa na neno. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, akigonga sakafu polepole kwa ncha ya mkongojo kama alivyofanya kila jioni. Miguu ilikuwa imesimama karibu na mlango wa chumba, haijavuliwa raba.

"Hii haisainiwi," mama alisema.

"Ilete huku," binti alisema.

Mama aliingia nayo chumbani, lakini hakumpa. Alisimama nayo kando ya kitanda.

"Ukisaini hii, hakuna atakayejua tena."

"Sasa hivi asiyejua ni nani?"

Mama alifikiri. Walijua wanafunzi thelathini na tisa, Filimbi, mtunza stoo, mkuu wa idara, kamati nzima, daktari, bibi. Alitafuta mtu mmoja asiyejua akamkosa.

"Kuna watoto wa watu watakaokuja nyuma yako," alisema. "Watatua kwenye magunia hayo hayo."

"Wanatua sasa hivi, mama. Na miguu yangu inatua nao. Kila Jumanne. Unadhani sijui unachomwaga nje?"

Mkongojo ulikuwa umeacha kugonga.

"Mwaka mzima imekwenda," binti alisema. "Mvua, jua. Haijachelewa hata siku moja. Niiambie nini, kwamba ilikuwa inatembea tu? Uliniambia nisaini nimalize shule. Basi nimalize."

Alisema bila hasira, kama mtu anayekumbusha njia. Mama alikwenda sebuleni akachukua kalamu kwenye mkoba wake, ile ya kazini, akachukua na ubao wa kukatia mboga, akavileta. Akashika ubao kwa mikono miwili usiyumbe. Binti alisaini. Ilikuwa saini kubwa, iliyosomeka.

Asubuhi mama alivuta komeo na miguu ikaipeleka.

Mahafali yalifanyika kwenye ukumbi mkuu wa chuo, ambao una ngazi kumi na tisa kwa mbele na hauna njia nyingine ya kupandia. Binti alibaki nyumbani na bibi. Mama alishona joho fupi, la kufika tu juu ya viatu, akalitia kamba ya kufungia, akakaa safu ya saba. Jina lilipoitwa, miguu ilipanda jukwaani, ikasimama sawasawa kama ilivyofundishwa. Mkuu wa chuo aliinama, akakifunga cheti juu ya goti la kulia kwa utepe, akanyooka. Watu walipiga makofi kiasi kile kile walichompigia aliyetangulia. Filimbi, aliyekuwa amekaa na wahadhiri, hakupiga. Alikuwa ameshika programu kwa mikono yote miwili.

Binti alikisoma cheti akiwa amekinyanyua juu ya uso wake, kwenye mwanga wa dirisha. Jina lilikuwa sahihi. Daraja lilikuwa la pili la juu. Alisoma hadi namba iliyochapwa pembeni, kisha akamwomba mama akiweke mahali ambapo hatakuwa anakiona.

Barua ya kazi ilikuja baada ya miezi miwili. Iliandikwa kwa jina la binti, na ilimtaka aripoti shule moja iliyokuwa safari ya siku mbili, akiwa na uwezo wa kusimama saa sita kwa siku. Binti alijaza fomu ya kukubali. Mama alifungasha soksi jozi nane, raba za akiba, dawa ya malengelenge. Hakukuwa na mahali pa kuweka neno la kuaga, kwa hiyo alikaza kamba za raba mara mbili. Miguu iliondoka Alhamisi. Ilikuja likizo ya kwanza, imekomaa nyayo, imeota jua. Likizo ya pili ilituma salamu kupitia mtu, kwamba kuna mashindano ya wilaya. Shuka likabaki bapa, na binti akaanza kusahihisha maandiko ya watu wengine kwa malipo kidogo, chali, ubao kifuani.

Wakaguzi walikuja. Walihesabu magodoro kumi na mawili, wakayakuta kama yalivyotoka kiwandani, wakasifu utunzaji. Walisoma daftari la vifaa na tamko lililobanwa ndani yake. Kozi ilithibitishwa kwa miaka mitatu mingine. Mwongozo ulichapwa upya kwa jalada la bluu, na katika kanuni ya tisa kikaongezwa kifungu kidogo cha pili: mwanafunzi aliyeumia anaweza, kwa maombi ya maandishi, kuhudhuria kwa kiungo kilicho kizima.

Jumamosi moja fundi wa kupiga lipu, mtu mzima, chokaa kwenye viatu, alibisha hodi. Alikuwa amebeba mfuko wa nguo kwapani. Alisema anatoka chuoni, ameelekezwa nyumba hii, kuna mama anayejua barua hizi zinavyoandikwa. Mwanawe alikuwa mwaka wa pili. Alianguka kutoka kwenye vyuma vya kuning'inia, shingo ikaumia. Kilichobaki kizima ni mkono wa kulia, na mkono hauwezi kuvuka barabara peke yake, ndiyo maana anaubeba.

Mama alimkaribisha kiti. Fundi alifungua mfuko, akautoa mkono, akauweka mezani. Ulikuwa umevaa saa. Ulimpa bibi mkono, na bibi akaupokea, akasema marahaba.

"Wiki hiyo zamu ya vifaa ilikuwa ya nani?" mama aliuliza.

"Yake mwenyewe," fundi alisema. "Ameshasaini."

Mama alitikisa kichwa, akaleta karatasi na kalamu. Fundi alianza kuandika polepole, kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyezoea penseli ya ukutani, huku akisoma anachoandika: kwa mkuu wa idara, yahusu maombi, mwanangu aliumia tarehe...

"Usiandike mwanangu," mama alisema. "Andika mkono wa kulia."

Fundi aliinua kichwa.

"Ukiandika mwanangu, watataka aje mzima."

"Kifungu kidogo cha pili, baba," binti aliita kutoka chumbani. "Kiandike juu, wasikusumbue."

Fundi alikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika upya. Karatasi ilikuwa inateleza juu ya meza. Mkono wa mwanawe ukaikandamiza kwa vidole, naye fundi akaendelea.